Mkono wa Kufinywa

Tulishuka Ndanda mwezi wa sita, majira ya salfa,
wenzangu wakijifunga vitambaa puani na kuwasha mashine,
mimi na Somoe mgongoni, paja limevimba linawaka,
mama yake kabaki Newala na kichanga cha siku kumi na moja.

Wodi ya watoto ni nchi ya wanawake.
Mama Nanjiva wa kitanda cha saba alinicheka siku ya kwanza,
siku ya pili akanifundisha kusuka:
"Gawa nywele kwanza, baba. Usivute kama unang'oa muhogo."
Mtindo wenyewe ni twende kilioni,
ila mle ndani tuliuita twende nyumbani.
Mistari yangu ilipinda kama barabara ya kupandia kwetu.
Somoe akaomba kioo. Nikasema hakuna.

Daktari alitoa kipande cha mfupa uliokufa,
cheupe, kama chaki inayobaki mwisho wa kipindi.
"Baba, wamekiweka wapi?"
"Sijui, mwanangu."
"Kaulize. Ni changu."
Nilitoka, nikazunguka jengo,
nikarudi na chungwa.

Kupasua kulichukua saa mbili.
Kisha Jumatatu, Jumatano, Ijumaa: toroli la vidonda,
gurudumu moja likilia tangu mlangoni
na kila mtoto akisikiliza litasimama kwa nani.
Tukapatana: ikimuuma, anifinye,
kwa kiasi kilekile, asinihurumie.
Alinifinya. Ewe Mola, alinifinya.
Mkono wa kushoto ukajaa madoa ya zambarau zilizokanyagwa.
Nesi akauliza, "Na wewe unaumwa?"
Nikashusha shati.

Mwezi wa saba shemeji akapiga simu:
ubwiri umeingia, maua ya mikorosho kama yamemwagiwa majivu.
Nimeshika bakuli la uji,
Somoe kakaza meno, kijiko cha tatu hakijapita.
Nikamjibu, mikorosho itajijua.
Usiku nikaihesabu, mti kwa mti,
nikafika tisini.
Sikujuta. Hapana, nilijuta, tangu saa kumi mpaka adhana.

Kukaa. Kushusha mguu. Kusimama na kulia.
Kijana wa mazoezi, Chinguile, Somoe alimwita mwizi
kwa sababu akishatimiziwa hatua mbili alidai ya tatu.
Kitanda hadi dirisha ni hatua tisa.
Alilitaka dirisha: pale nje mama mmoja aliuza ming'oko,
naye alitaka kuchagua yake mwenyewe, kwa kidole.

Jumatano moja toroli likalia.
Nikakunja shati, nikanyoosha mkono.
Somoe alikuwa akimsimulia jirani yake
habari za mbuzi wetu aliyekula daftari la hesabu.
Bandeji ikafunguliwa, kidonda kikaoshwa, bandeji ikafungwa,
mbuzi bado anatafuna.
Nami nimenyoosha mkono
kama mtu anayengoja chenji.

Tulipanda nyumbani watu wakiokota korosho zao.
Mjomba Likapa alikuwa amemchongea magongo tangu Juni,
ya mninga, kayapiga msasa mpaka yanateleza.
Yalikuwa mafupi.
Akapima tena, akanitazama
kana kwamba nimembadilishia mtoto.
Hakuna aliyetuambia kwamba mtoto hukua akiwa amelala,
kwamba mwili ulipokuwa ukigombea mfupa mmoja
ulikuwa ukirefusha mingine kimyakimya.
Tukaunga vipande vya tairi chini.

Anachechemea sasa hadi kwenye bomba la maji na kurudi.
Mwaka, amesema daktari, pengine na nusu.
Nywele anasukwa na mama yake, mistari imenyooka,
na juzi nimesikia akimwambia,
"Baba alikuwa havuti."

Saa nane za usiku, saa ya ile sindano, bado naamka.
Namkuta kalala, mdogo wake ubavuni.
Nakaa mkekani,
naulaza mkono wa kushoto karibu na vidole vyake,
endapo.